Dawa Imekwisha, Ganzi Imebaki: Utulivu Husaidia Nini?

Mtu amemaliza dozi ya siprofloksasini, hii tunayoiita sipro, aliyopewa kwa maradhi ya njia ya mkojo. Wiki tatu baadaye kisigino bado kinamuuma akipanda ngazi za nyumbani, na usiku vidole vya miguu vinawaka moto. Akilitaja barazani atapata majibu mawili: ni mawazo tu, au dawa ingali mwilini na damu yataka kusafishwa. Hilo la pili ndilo linalomtoa pesa mfukoni, basi tuanze nalo.

Kwa mwenye figo nzima, sipro hupungua nusu mwilini kila baada ya saa 4 hivi. Siku mbili zikipita, hakuna cha kusafisha. Kilichobaki ni jeraha ambalo dawa imeliacha kwenye kano au kwenye neva. Zipo dawa zinazokaa, kama meflokwini ya malaria inayochukua wiki 2 hadi 3 kupungua nusu, lakini hata hizo hazifukuzwi kwa kuharisha. Kuharisha katika joto hili la Lamu hukausha maji mwilini na kuzichosha figo, nazo ndizo zinazotoa dawa nyingi.

Sasa hilo la "mawazo tu". Kano ina damu kidogo, hupona polepole. Neva iliyojeruhiwa, ikiota upya, huenda kama milimita 1 kwa siku, tena mambo yakienda vizuri. Anayetazamia wiki mbili atavunjika moyo bure. Hesabu kwa miezi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba ganzi itokanayo na sipro na dawa za kundi lake inaweza kuanza haraka na isiondoke kabisa. Hakuna pumzi wala zoezi linalolifuta jeraha la namna hiyo.

Hata hivyo msongo una mkono wake. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwatoboa ngozi, tundu la milimita 3.5, watu waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau. Vidonda vyao vilichukua wastani wa siku 9 zaidi kupona kuliko vya wenzao wasio na mzigo huo. Ngozi si neva, kwa hivyo tusiivute habari hii mbali. Panapoonekana wazi zaidi ni kwenye maumivu yenyewe: mwenye wasiwasi hukaza shingo, mgongo na vigimbi vya miguu bila kujijua, hulala kidogo, na maumivu yaleyale ya jana leo humuuma maradufu. Masikio yanayovuma baada ya sindano za kanamaisini, zilizokuwa zikitumika kwa kifua kikuu sugu, ni hivyohivyo. Mlio haukuletwa na mawazo, lakini usiku wa fikira nyingi ndipo unaposikika zaidi.

Kuna jambo moja linalowatisha wengi bure. Mtu mwenye hofu hupumua haraka na juu juu. Akitoa hewa chafu kupita kiasi, damu hubadilika kidogo, na midomo na ncha za vidole huanza kusisimka na kufa ganzi. Ukiwa tayari na ganzi ya dawa, utadhani imepanda mikononi. Kipimo chake ni rahisi: kaa, pumua polepole dakika 10. Ya pumzi hutulia. Ya neva hubaki palepale, mara nyingi miguuni, pande zote mbili.

Namna ya kupumua: vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, tumbo ndilo linyanyuke, si kifua. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kulala ni nyakati ambazo ni rahisi kuzishika. Ukiona kizunguzungu, unavuta nyingi mno: punguza kiasi cha hewa, usipunguze mwendo. Wanaoshindwa mara nyingi ni wale wanaongoja mpaka hofu iwavamie ndipo wajaribu. Wiki mbili za kufanya ukiwa mtulivu kwanza.

Kulegeza misuli kwa kukaza sekunde 5 kisha kuachia sekunde 20 ni zoezi zuri, lakini aliyeumia kano kwa sipro asikaze vigimbi wala kusimama kwa ncha za vidole. Kano dhaifu inaweza kukatika hapo hapo. Aanzie mikono, mabega na uso, miguu aiache. Kutembea kutoka mji wa Lamu hadi kijiji cha Shela kwa njia ya pwani, kama kilomita 3, hufaa kwa ganzi lakini si kwa kisigino kinachouma. Huyo apumzishe mguu mpaka aonwe.

Kahawa tungu nayo ina kesi yake. Sipro huzuia ini kuvunja kafeini, hivyo vikombe vilevile vya kila jioni huwa kama umeongeza. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na mtu huhesabu yote hayo kuwa dawa imemdhuru. Wakati wa dozi acha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Miraa pia hunyima usingizi, dozi iwepo au isiwepo.

Tunavyokataa kuuza hapa duka letu la dawa kwa ajili ya kutuliza, na sababu zake. Piritoni kama dawa ya usingizi: hukaa mwilini hadi kesho yake, na asubuhi unayumba chomboni. Diazepamu bila cheti cha daktari: wiki chache tu na mwili unaizoea, kuiacha kukawa tatizo la pili. Deksamethasoni au prednisoloni kwa kisigino kilichoumizwa na sipro ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu yoyote kati ya hizo ikikutana na sipro huongeza hatari ya kano kukatika, hasa kwa aliyepita miaka 60.

Vidonge vya neva, vile vya vitamini B, pia visomwe boksi. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu huhitaji vitamini B6 kiasi cha miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Baadhi ya vidonge vya neva vina miligramu 100 au 200, na kipimo hicho kikimezwa miezi mingi huleta ganzi yenyewe. Mwenye sukari aliyekaa miaka na metformini aombe kupimwa vitamini B12, kwani metformini huweza kuipunguza na upungufu wake huleta ganzi, kabla ya kulaumu mawazo.

Usikae nyumbani ukipumua iwapo: umesikia mlio nyuma ya kisigino na mguu hausukumi tena, mguu unalegea, mkojo hauzuiliki, usikivu unapungua, macho yamekuwa manjano, kifua au mgongo umeshikwa na maumivu makali ya ghafla, au umeanza kufikiria kujiua. Hiyo ni hospitali, siku hiyohiyo. Na dawa za kifua kikuu, virusi, presha, kifafa au huzuni usiziache kwa uamuzi wako, hata zikikuudhi.

Kwa wengine wote, andika siku 14: saa ulizolala, maumivu kwa 0 hadi 10, kahawa au miraa uliyotumia. Maumivu yakipanda na kushuka pamoja na usingizi, utulivu utakusaidia. Yakipanda tu bila kujali ulivyolala, unahitaji daktari. Njoo na daftari hilo pamoja na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, mitishamba ikiwemo, na boksi la dawa unayoishuku. Namba ya toleo iliyo ubavuni tunaihitaji kwa fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo tutakusaidia kuijaza bila malipo.