Waambie ni Mpwa Wako Aliyekuwa Usukani

Mamboleo, Kisumu

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Nimeshukuru Mungu kusikia mpwa wako ametolewa plasta mkononi na kwamba kilichobaki ni yale maumivu ya kifua pale mkanda ulipombana. Gari ni mabati tu, litatengenezwa.

Lakini kuna jambo katika ujumbe wako lililoninyima usingizi. Unasema ajenti amekushauri umwambie mpelelezi wa bima kwamba ni wewe uliyekuwa ukiendesha gari lilipogonga lile lori lililoharibika pale Ngata, eti kwa sababu leseni ya mpwa wako haijamaliza mwaka. Dada, nakusihi, usikubali.

Toa mkataba wako wa bima uusome leo, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Mikataba mingi ya bima kamili humruhusu mtu yeyote mwenye leseni halali kuendesha, mradi mwenye gari amempa ruhusa. Kwa dereva mgeni barabarani, kinachoongezwa kwa kawaida ni ekses, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Itakuuma, najua, hasa muhula huu wa karo. Ila ukidanganya unaweka dai zima rehani, kwa kuwa kampuni ikigundua ina haki ya kukataa kukulipa chochote. Tena kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, kuhusu kujipatia mali kwa udanganyifu: adhabu yake ni jela hadi miaka 3. Sisi ni watu wa TSC, tume inayoajiri walimu, na unajua hukumu ya jinai inaweza kumfanyia nini mwalimu. Ajenti hatakuwepo siku hiyo.

Na usidhani hawatagundua. Jina la kijana limo kwenye abstrakti, ile hati ya polisi kuhusu ajali, na kwenye OB, kitabu cha matukio kituoni. Hospitali ina kadi yake, yenye alama ya mkanda iliyotoka bega la kulia kushuka kifuani, alama ya mtu aliyeketi upande wa dereva. Mwenye brekidauni, lile gari la kuvuta magari, alimwona. Vijana wa boda boda wa stejini hapo ndio waliomtoa garini, na hao ndio watu wa kwanza mpelelezi kuwaendea.

Nakwambia haya kwa kuwa nilimwona mpelelezi mmoja wa bima kazini. Matatu iliponigonga hapa Mamboleo mwaka jana, kampuni ilimtuma mzee mmoja mpole, mwenye daftari na futi ya kupimia. Alipima kutoka chini hadi pale bamba lilipobonyea, kisha akaenda kuitafuta ile matatu apime bampa yake, aone kama vimo vinalingana. Alichokora rangi ngeni iliyobaki mlangoni kwangu, akaitia kwenye karatasi na kuikunja. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliingia akakaa kwenye kiti changu bila kukisogeza hata kidogo, akatazama magoti yake yalipofika, akachungulia kioo cha juu, kisha akaniomba nikae mimi. Mimi ni mfupi, kiti kiko mbele. Akatikisa kichwa, akaandika. Sasa mpwa wako ana urefu gani, na wewe je?

Fikiria pia maswali yenyewe. Lori lililoharibika lilikuwa na taa za nyuma? Dereva wake aliweka zile pembetatu za kuonya, au alitupa matawi barabarani kama wafanyavyo? Kama ni matawi, yalikuwa umbali gani? Kijana aliyaona au hakuyaona, yeye ndiye anayejua. Wewe ulikuwa nyumbani Njoro ukisahihisha mitihani, utajibu nini? Na majibu hayo ndiyo yanayoweza kukusaidia. Kampuni yako ikishakulipa hushika nafasi yako na inaweza kumdai mwenye lori, na ikifika mahakamani kijana ndiye shahidi. Ukishajiandika dereva, itabidi wewe upande kizimbani ule kiapo kusimulia ajali ambayo hukuiona.

Kwa hiyo Alhamisi nendeni kwa mpelelezi wote wawili. Aeleze alichokiona, na asichokijua aseme hakijui. Asikisie mwendo wala saa ili kumfurahisha mtu. Mpelelezi akiandika maelezo kwa Kiingereza, yasomwe neno kwa neno kabla ya sahihi, makosa yarekebishwe hapo hapo, nanyi mpige picha kila ukurasa. Karatasi yenye nafasi tupu isitiwe sahihi. Akiomba chai ili ripoti iwe nzuri, mkatae kwa heshima, uandike tarehe na maneno yake, upeleke kwa wakubwa wake. Gari lisiguswe na fundi mpaka asesa, mkadiriaji wa hasara, alione.

Hundi ikikaribia watakuletea hati ya kukubali malipo. Hiyo isome polepole, kwa sababu ukishatia sahihi kwamba umeridhika ni vigumu sana kurudi kudai zaidi. Na wakikataa dai, wadai sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ile IRA, ambayo hupokea malalamiko ya wateja. Hao hao wana kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima tangu 2011, na ndiyo sababu nyingine ninataka uingie kule ukiwa na mikono safi. Kukishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo: husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Asesa akikadiria hasara isiyozidi hapo, unaingia humo.

Huyo ajenti mwambie tu kwamba umeamua dereva atajieleza mwenyewe. Akikasirika, akasirike. Na kijana umtoe wasiwasi. Nimesikia anajilaumu, anadhani amekuharibia. Mwambie shangazi yake wa Kisumu amesema hana cha kuficha.

Nipigie Jumatano jioni baada ya prepu, masomo ya jioni ya wanafunzi, tuyapitie maelezo pamoja. Ukiona heri niwe karibu, nitapanda gari la alfajiri nije.

Wako daima,
Jirani yako wa zamani wa Njoro