Tanga haipewi siku mbili

Ngamiani, Tanga
11 Mei 2025

Somo yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, nami niliisoma mara mbili nikiwa nimeketi barazani kabla sijaingia ndani kupika. Nimefurahi kusikia kwamba nyumbani wote ni wazima, kwamba mguu wa mama umepata nafuu, na kwamba hatimaye umepewa likizo ya kuja kuuona mji ambao nimekuwa nikikusimulia tangu tulipoachana chuoni. Sisi huku hatujambo. Masika yametulowesha vya kutosha, na sare za watoto zinakauka kwa kubembelezwa. Jambo moja tu katika barua yako halikunipendeza, na kwa kuwa jina letu ni moja nitakuambia bila kuzunguka: umeipangia Tanga siku mbili, na Tanga haipewi siku mbili.

Bila shaka umeusikia msemo wa huku, waja leo waondoka leo, ambao kila mtu huueleza apendavyo. Jirani yangu husema si msemo bali ni swali, nalo huulizwa kwa kicheko kwa mgeni anayedai kwamba kesho yuko safarini. Mimi nililetwa na kazi ya miezi mitatu mwaka 2011, nikiwa na sanduku moja na godoro la kukunja, na godoro hilo sasa analalia paka. (Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi na hadithi za wanawake wa Tanga na mapishi yao, mume wangu ndiye aliyenifuata huku, tena kwa hiari yake.)

Nikueleze kitakachokupata ukija kwa siku mbili. Utashuka stendi ya Kange, utapanda bajaji kuja mjini, na pengine utafika saa saba mchana, jua likiwa utosini. Utakuta barabara pana zilizonyooka, miti mikubwa, majengo ya Kijerumani yaliyochujuka rangi, maduka yaliyofungwa nusu kwa ajili ya swala na chakula cha mchana, na mzee mmoja akipita taratibu juu ya baiskeli kana kwamba hana aendako. Utajisemea kwamba mji huu umelala, utapiga picha ya mnara wa saa, na kesho yake utapanda basi. Wageni wangu wengi wamefanya hivyo, nami sikuwalaumu, kwa maana hata mimi miezi miwili ya mwanzo niliamini kwamba nimeletwa mahali ambapo mambo yote yalikwisha kutendeka zamani.

Ilinichukua muda kutambua kwamba mji huu una saa zake, na kwamba saa hizo zinafuata maji. Ukitaka kuujua ukiwa macho, uwe soko la samaki la Deep Sea alfajiri, mashua zinapoingia na wanunuzi wakiwa ndani ya maji hadi magotini, wakipigania changu, tasi na kolekole, huku mnadishaji akitaja bei kwa kasi ambayo mpaka leo nashindwa kuifuata. Au uje huku kwetu Ngamiani jioni, baada ya alasiri, ambapo barabara zina namba badala ya majina, na mtu akikuelekeza atakuambia barabara ya kumi na mbili, nyumba yenye mwarobaini. Saa hiyo mabaraza yote yana watu, mihogo na kachori zinakaangwa, watoto wanatoka chuoni na juzuu zao, na baiskeli zinapita kwa mamia, nyingine ikiwa na mama mwenye baibui aliyeketi kwenye keria na mtoto kifuani. Bodaboda na bajaji zimeipunguza baiskeli, lakini hazijaing'oa, kwa sababu Tanga ni tambarare na mtu hutoka Sahare hadi sokoni bila kuhema.

Kuhusu baiskeli nina aibu yangu ya kukusimulia. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua moja mpya kabisa, nyekundu, nikawa naiegesha usiku kwenye ukuta wa nje, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Baada ya miezi michache ilianza kulia kama mlango wa jela. Fundi wa mtaani aliitazama, akapitisha kidole kwenye rimu, kidole kikatoka na rangi ya matofali, kisha akaniambia kwa upole, “Bibie, baiskeli ya Tanga hulala ndani na wenyewe.” Alinifundisha kuifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chenye oili chafu, nami naifuta hadi leo. Chumvi, somo yangu, ndiyo kodi ya pili tunayolipa huku. Inakula mabati, inakula bawaba, inakula mashine za kushonea, na mwezi Februari, wakati wa kaskazi, inaungana na joto hata ukavua nguo mbichi zaidi ya ulivyoivaa. Wala usidhani nakupambia mji. Vijana wengi wa mtaani kwetu wamekwenda Dar es Salaam kwa sababu viwanda walivyofanyia kazi baba zao vilifungwa, na mwenye nyumba wangu ameongeza kodi mara mbili akisema bomba linakuja, yaani lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani, upande wa pili wa ghuba. Nilimuuliza kama bomba hilo litapita chumbani kwangu. Hakucheka.

Sasa niingie katika lile lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Uliandika kwamba babu yako alifanya kazi Tanga katika mkonge, na kwamba nyumbani hakuna ajuaye ni shamba gani. Ukishapita Segera kuja huku, utaanza kuuona mkonge wenyewe, safu kwa safu, hadi karibu na Pongwe. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo nchi ikafikia kuuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla nyuzi za plastiki hazijaiangusha bei. Aliyeukata mkonge huo alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, na manamba wengi walitoka kwenu Kigoma. Walisafirishwa kwa treni na malori, wakapewa kadi ya kipande yenye siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza idadi ya matita aliyopangiwa haikuhesabiwa.

Mzee anayeishi mbele ya nyumba yetu ni mtoto wa manamba kutoka Kasulu. Hajafika Kasulu hata mara moja, Kiha chake ni cha maamkizi tu, na akikasirika hukasirika kwa Kiswahili cha Tanga, kile chenye heshima nyingi kinachouma kuliko matusi. Nilipomsomea sehemu ya barua yako alikaa kimya, kisha akataja kambi nne ambamo Waha walikuwa wengi, akisema mbili kati ya hizo bado zina wazee wanaokumbuka majina. Yuko tayari kutupeleka. Lakini huwezi kumwambia mzee wa namna hiyo kwamba una asubuhi moja tu. Atataka kwanza mnywe chai, aulize ukoo, mle pamoja, na safari iwe siku ya pili au ya tatu, atakapokuwa amekwisha kukuzoea.

Zaidi ya hapo yapo mengine ambayo yatakupa raha bila kukuchosha. Mapango ya Amboni ni ya chokaa, yana giza na popo, na vijana watakusimulia habari za njia ya chini kwa chini inayofika mbali kuliko akili inavyokubali; sikiliza na utabasamu. Kule Raskazone nitakuonyesha upande walikoshukia askari wa Kiingereza kutoka India mwezi Novemba 1914, wakashindwa na jeshi dogo la Kijerumani lenye askari wengi Waafrika, nyuki nao wakawamalizia. Kisiwa cha Toten nitakupeleka kwa sharti moja, kwamba tuulize maji kwanza. Mara ya mwisho tulikwenda siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tukajisahau kwenye magofu ya misikiti na makaburi, na tuliporudi mashua ilikuwa imekaa juu ya tope na bahari imekwenda zake. Nahodha alitandika tanga kivulini akalala. Tulisubiri saa nne tukila embe mbichi kwa chumvi, nami nakiri kwamba ilikuwa Jumapili nzuri kuliko nyingi nilizopanga vizuri.

Kwa hiyo nakuomba uje Julai, si sasa. Masika yatakuwa yamekwisha, kusi itakuwa imepoza mji, na machungwa ya Muheza yatakuwa yanauzwa kwa mafungu kila kona. Shuka treni Morogoro, ulale, asubuhi upande basi linalopita Chalinze na Segera, na ukae dirishani upande usiopigwa na jua. Omba siku nane. Siku ya kwanza hatutakwenda popote. Tutakula bada, ambao ni ule ugali wenu wa muhogo chini ya jina jingine, kwa mchuzi wa samaki wa nazi, halafu utanieleza kama nazi imeushinda mgebuka, samaki wenu wa ziwani.

Tafadhali nijibu mapema ili nimwarifu mzee, maana ameshaanza kuuliza. Ukija, niletee chupa moja ya mawese halisi na migebuka mikavu, uifunge vizuri kwenye gazeti, kwani mara ya mwisho abiria wenzangu walitaka kunishusha njiani. Nisalimie shemeji na watoto, na umpe mama shikamoo yangu.

Ni mimi,
Somo yako wa Tanga