Kibwana Alisikia Kweli

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Swahiba wangu Mbaruku,

Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo sote, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye kwenye baridi ya Uingereza. Bi Mkubwa mguu umepungua uvimbe, juzi alikwenda sokoni kwa miguu yake akarudi na kamba na ugomvi na muuza kamba. Mwanaisha kajifungua mtoto wa kike, jina bado wanavutana. Najua miezi minane sijakuandikia, na salamu zako za Idi nilizijibu kwa neno moja. Niwie radhi. Leo nimekaa kitako niandike barua kamili, maana kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumatano na watu wa kuambiwa duniani ni wawili tu. Mmoja ni wewe. Wa pili ni Kibwana, na Kibwana ndiye mwenye kesi.

Unaikumbuka ile kaseti ya Mjomba Shebe? Metal Fatigue, ya yule mpiga gitaa Allan Holdsworth. Mjomba alishuka nayo melini, akatuachia siku tatu, wewe ukaenda kuihamishia kwenye kaseti tupu ya TDK ya dakika 60 kwa yule jirani wa barabara ya kumi na mbili aliyekuwa na deki mbili. Kwenye karatasi yake uliandika kwa wino wa kijani JAZZ NYINGINE, kwa sababu sisi jazz tuliyokuwa tukiijua ni Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na huyu Mwingereza hakufanana na yeyote kati ya hao. Kaseti ninayo mpaka leo. Spongi imedondoka, nimeweka kipande cha sufi, inalia.

Sasa sikiliza. Kuna daktari wa meno karudi Tanga kutoka Uswidi, amepanga ile nyumba ya karibu na msikiti. Nilikwenda kung'olewa jino, nikaona gitaa ukutani, mazungumzo yakaanza mdomo ukiwa umejaa pamba. Kumbe anacho kile kisanduku kilichotoka 2017, CD 12, albamu za Holdsworth zilizotolewa upya na kusafishwa sauti: kuanzia I.O.U. ya 1982 mpaka Flat Tire ya 2001, na ndani yake ile ya onyesho la Tokyo la 1990. Kaniazima! Mtu aliyenijua kwa jino moja kaniazima kisanduku kizima, wiki mbili.

Jumatano usiku nikaweka Metal Fatigue. Watoto wamelala, nikachukua gitaa nipige pamoja naye Home, ule wimbo wa pili, mtulivu. Unajua nimeupiga miaka thelathini na zaidi. Nikagusa sauti ya kwanza, ikagongana na yake. Nikadhani nyuzi zimepanda, nikazilegeza. Nikapima kwa simu, simu ikasema nyuzi zilikuwa sawa tangu mwanzo. Nikakaa. Nikachukua kaseti nikaitia kwenye redio yangu ya National, nikasikiliza hii kisha ile. Mbaruku, kaseti yetu iko juu. Iko juu nusu sauti nzima, hatua moja ya gitaa.

Sikutaka kuamini. Alfajiri nikaenda kuijaribu kwenye gari la Baba Zuhura, nayo ikalia vilevile, kwa hiyo kosa si la redio yangu. Nikapima muda wa ule wimbo mrefu unaoanza upande wa pili, The Un-Merry-Go-Round. Kwenye CD unachukua dakika 14 na ushei. Kwenye kaseti, dakika 13 na robo hivi. Ile deki ya jirani ilikuwa ikijikokota siku ile, mkanda wake wa ndani umelegea nadhani, ikarekodi polepole, na kanda ikipigwa kwenye redio nzima inakimbia. Tumesikiliza ujana wetu wote muziki uliokuwa ukikimbizwa.

Na Kibwana alisema.

Alisema, nawe ulikuwepo, nyuma ya ghala la Baba Zuhura, siku tunajiandaa kwenda kujaribiwa na ile hoteli. Aliweka besi magotini akasema, "Besi hii imebanwa koo." Akasema huyo anayeimba wimbo wa kwanza ana sauti ya mvulana, na mpiga ngoma ana haraka ya mtu anayewahi basi. Akasema hapa kuna kitu si sawa. Wewe ukamwambia akaoshe masikio, yamejaa chumvi. Mimi nikacheka. Sote tulicheka, na yeye alikuwa mdogo wetu kwa miaka minne, hajui pa kutazama. Ijumaa iliyofuata hakuja. Mwezi haukwisha tukasikia yuko Pangani kwenye mitumbwi, besi kaiuza. Tangu hapo tunakutana mazikoni, tunaulizana samaki na mvua.

Sisemi aliacha muziki kwa ajili ya kicheko kile peke yake. Baba yake alikuwa mgonjwa, nyumba ilitaka mtu. Lakini wakati ule nyuma ya ghala kulikuwa na masikio mamoja tu yaliyokuwa yanasikia, na sisi tukayafukuza.

Nimesikiliza sasa kwa mwendo wake wa kweli. Sijui nikueleze vipi. Home imeshuka, imetandaa. Unasikia sauti zinaingia bila kusikia kidole kikigusa waya, maana alikuwa akigusa kwanza kisha anafungua sauti kwa pedali, taratibu, kama mtu anayefunua pazia asimwamshe mgonjwa. Kwenye kaseti tulidhani ni kinanda, tulibishana wiki nzima, unakumbuka? Na zile mbio zake kwenye Devil Take the Hindmost, mkono wa kushoto unagonga nyuzi na wa kulia unachokoa mara chache tu, zote zinatoka zimeungana kama pumzi moja. Mtu huyu aliitaka saksafoni, alimpenda Coltrane aliyekuwa akiipuliza, na gitaa alilipata ana miaka 17. Baba yake, mpiga piano, ndiye aliyemfundisha. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini hapigi kama wapiga gitaa, anapuliza. Na Jimmy Johnson kwenye besi, ee Mola, besi pana, imekaa chini kama nanga. Ndiyo besi aliyokuwa akiitafuta Kibwana. Haikubanwa koo hata kidogo.

Ile mikao ya vidole tuliyoitoa kwenye kaseti, kidole cha mwisho kinafika mbali mpaka kiganja kinauma, ni ileile, umbo halikubadilika. Nimesogeza mkono wote hatua moja chini na kila kitu kikakaa. Nilipofika mwisho wa Home bila kugongana naye hata mara moja nililia, na mke wangu alikuja mlangoni akadhani ni jino.

Kuna lingine linaniumiza. Kisanduku kile kilitoka Aprili 2017, na tarehe 15 ya mwezi huohuo Holdsworth akafariki nyumbani kwake Vista, California, ana miaka 70. Mashabiki ndio waliochangishana fedha za mazishi. Mtu ambaye Eddie Van Halen, yule mpiga gitaa maarufu wa roki, alimpigania mpaka akapata mkataba na kampuni ya Warner Bros., wakatoa rekodi ya Road Games 1983, ikapendekezwa kuwania tuzo ya Grammy! Tumewazika wangapi hapa Tanga waliokuwa wakilia redioni kila jioni, na daftari la mchango likazungushwa mtaani? Nilidhani ni sisi tu.

Basi haja yangu ni hii. Daktari anakuja kuchukua CD zake Ijumaa ijayo. Angeniruhusu nizinakili kwenye flashi, mwenyewe kasema, lakini sitaki nakala. Nakala ndiyo iliyotufikisha hapa. Namtakia Kibwana kitu chenyewe, kilichotengenezwa kiwandani, kina jina la Jimmy Johnson na la mpiga ngoma Chad Wackerman limechapwa, akishike mkononi. Nilijaribu mwenyewe mwaka jana kuagiza albamu yake ya Secrets kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni: nikalipa, ikaja CD iliyochomwa chumbani kwa mtu, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Sitarudia.

Wewe uko Bradford. Mbaruku, Holdsworth kazaliwa hapohapo, tarehe 6 Agosti 1946! Miaka kumi na tisa unapanda basi kwenye mji wake kwenda zamu na hukuniambia. Nitafutie Metal Fatigue, ile iliyosafishwa upya, moja ya Kibwana. Ukipata kisanduku kizima kwa bei ya kibinadamu, nichukulie mimi. Ukikosa, basi Secrets ya 1989 na The Sixteen Men of Tain ya 2000, hizo mbili zinanitosha. Usitume kwa posta, njoo nazo Desemba kwenye begi la mkononi. Fedha nitamkabidhi Bi Mkubwa huku, anataka mabati ya jikoni kabla ya mvua.

Jambo moja nakuomba sana: ukiiona albamu yake ya Velvet Darkness, ya 1976, iache dukani hata ikiwa rahisi. Mwenyewe aliikana mpaka mwisho, alisema walirekodiwa wakiwa bado wanafanya mazoezi, na kwenye kisanduku haimo. Najua wewe utasema muziki ni muziki, na wapo wanaoipenda. Mimi sitaiweka nyumbani. Mtu akisema hiyo siyo sauti yangu, mimi namsadiki, na ningalijua hivyo zamani Kibwana angekuwa na besi yake.

Sasa nijibu, usiniandikie nusu ukurasa. Je, nimwendee Pangani peke yangu sasa hivi na kaseti na redio, au nikungoje Desemba twende wawili? Tukienda, nani aanze kusema, wewe wa chumvi au mimi niliyecheka? Unadhani atataka kusikia, au tutakuwa tunakwenda kumtonesha? Ile besi yake alimuuzia nani, si yule shemeji yenu wa Muheza? Hivi bado anayo? Ungemuuliza dada yako kimyakimya. Na Mjomba Shebe aliwahi kusema kaseti yake halisi iliishia wapi? Halafu huko Bradford, wazee wa huko, kuna anayemtaja huyu mtu? Ukipita mtaani kwao nipigie picha, hata ya ukuta tu.

Mke wangu anakusalimu. Msalimie mama watoto na yule mtundu wako wa ngoma.

Nduguyo,
Hemedi

Bi Mkubwa kaniita nikiwa nafunga bahasha: usimletee chokoleti, mletee yale mafuta ya goti ya kopo la bluu, makopo mawili.