Yah: Mkufunzi wenu kumzuia mwanangu kunywa juisi sukari yake ikiwa imeshuka

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua ya tatu kuiandika. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu lugha yake haikustahili kutoka kwa mtu aliyelelewa. Nitajitahidi hii isiwe hivyo.

Jumamosi mliyotukabidhi mbwa niliyemlipia, yule anayepaswa kunusa na kututahadharisha sukari ya mwanangu mwenye kisukari inaposhuka, mkufunzi wenu akiwa ameketi sebuleni kwangu, mwanangu wa miaka tisa alisema kwamba mikono inamtetemeka. Nilimchoma kidole, kipimo cha sukari kikasoma 3.3 (mmol/L), ilhali chini ya 3.9 tayari ni sukari iliyoshuka. Nilimpa boksi la juisi kama tufanyavyo siku zote, na mkufunzi wenu akaliondoa mkononi mwa mtoto, akaniambia, "Subiri kidogo, mama, tumpe mbwa nafasi ya kufanya kazi yake." Mbwa alikuwa amelala chini ya meza. Tulipopima tena ilikuwa 2.9, na mbwa bado alikuwa amelala chini ya meza.

Sina haja ya kukueleza mkataba unasemaje, kwa kuwa mliuandika ninyi. Mnakijua kifungu kinachosema kwamba mbwa hakabidhiwi kwa familia kabla ya kufaulu majaribio ya harufu kwa sampuli za mtoto mwenyewe atakayekaa naye. Kwa ajili ya kifungu hicho nilikusanya sampuli kwa miezi mitano. Kila sukari iliposhuka chini ya 3.9, hata ikiwa saa nane za usiku, nilipangusa jasho la shingoni kwa pamba mliyonitumia, nikaifungia ndani ya kichupa, nikaandika tarehe na kipimo, nikazungushia utepe na kuweka kwenye friza. Nilifanya hivyo kwa mkono mmoja huku wa pili ukimshikia juisi, kwa maana hata mimi niliyelihitaji jasho lile sikuwahi kumchelewesha mtoto kwa ajili yake. Niliwatumia vichupa 38. Siku ya makabidhiano mkufunzi alikuja na kisanduku cha barafu kwa ajili ya kile alichokiita zoezi la kumkumbusha mbwa, na alipokifungua niliviona vichupa vyangu vimepangwa humo. Nilivihesabu mbele yake. Vichupa 31 vilikuwa na utepe wangu haujakatwa, na mwandiko wangu juu yake. Naomba mnieleze mbwa huyu alikuwa anakumbushwa jambo gani ambalo hakuwahi kufundishwa.

Siku nne baadaye nilipiga simu katika ofisi yenu. Mhudumu aliniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi, kwamba pengine mtoto hajajenga uhusiano na mbwa, kwamba mbwa huhisi wasiwasi wa wazazi na kuvurugikiwa, na kwamba ni vyema tusubiri siku 90. Nilipomweleza habari ya juisi alisema atairekodi kama hali ya kutoelewana kati ya mteja na mkufunzi.

Kwa kuwa mmeiita hivyo, nalazimika kuisimulia upya, safari hii bila kufupisha. Mwanangu alikuwa amekwisha kuutoboa mrija ndani ya boksi. Mkufunzi wenu alilichukua, akaliweka juu ya goti lake, akalifunika kwa kiganja. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka na jasho limemtoka juu ya mdomo, jasho lile lile ambalo mbwa wenu alipaswa kulinusa akiwa umbali wa hatua mbili. Mtoto hakuniuliza mimi, alimuuliza mkufunzi, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe, "Mwalimu, ninywe sasa?" Mkufunzi akamjibu, "Ukinywa mapema mbwa hatajifunza. Unataka afeli kwa sababu yako?" Mwanangu akaurudisha mkono wake mapajani. Alikuwa na 2.9, Ndugu Mkurugenzi. Katika kipimo hicho hata mtu mzima huweza kupoteza mpangilio wa maneno, na ikiendelea kushuka mtoto huweza kuzimia au kupata degedege; yeye aliketi wima akimsubiri mbwa aamke ili asiwe sababu ya mbwa kufeli. Niliinyakua juisi hiyo kutoka chini ya kiganja cha mfanyakazi wenu. Dakika 15 baadaye sukari ilikuwa 4.4, na mkufunzi alikuwa anajaza fomu. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: "Mtoto hakutoa ushirikiano."

Nakala ya fomu hiyo ninayo, pamoja na saini yake.

Simu yenyewe niliipiga kwa sababu ya yaliyotokea usiku uliotangulia, na nilipaswa kuyataja mapema zaidi katika barua hii. Kengele ya kihisi, kile kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa kwenye ngozi ya mtoto, iliniamsha usiku wa manane. Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba kihisi hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi na si damu yenyewe, hivyo sukari inaposhuka kwa kasi kengele huchelewa kwa dakika kadhaa. Dakika hizo ndizo mlizoniahidi kwamba mbwa ataziokoa. Nilipoingia chumbani nilikuta taa imewashwa. Mwanangu alikuwa ameketi kitandani, amelowa jasho, anatetemeka, macho yake yakimtazama mbwa aliyelala juu ya mkeka. Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Alinijibu, "Mbwa bado hajasema." Kipimo kilikuwa 2.7.

Tangu alipoweza kuzungumza tumemfundisha mtoto huyu jambo moja kabla ya mengine yote: ukijisikia vibaya, sema. Asisubiri kengele, asimsubiri mwalimu amalize somo, asione haya mbele ya wageni. Ilituchukua miaka. Mkufunzi wenu aliifuta kazi hiyo kwa dakika chache katika sebule yangu mwenyewe, na sasa kuna mtoto anayesubiri ruhusa ya mbwa ili aseme kwamba anaumwa. Mimi nililipia jicho la ziada juu ya mwanangu, nikaletewa sababu ya yeye kunyamaza.

Msinijibu kwamba nilitarajia miujiza. Nilisoma kabla ya kulipa. Nausoma hata sasa utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wa mwaka 2019, uliofuatilia mbwa 27 waliofundishwa kazi hii, ambamo mbwa aliyekuwa katikati ya kundi alitambua takriban matukio 83 katika kila 100 ya sukari kushuka, na wengine walikuwa chini ya hapo. Kwa hiyo nilijua kwamba mbwa atakosea, na ndiyo maana hatukuondoa kihisi wala kuacha kumchoma mtoto kidole. Mbwa simlaumu hata kidogo. Ni mbwa mpole, anakula vizuri, na amempenda mwanangu kuliko mtu yeyote wa ofisi yenu. Ninalolaumu ni kumleta mbwa asiyefundishwa na kumfanya mtoto mgonjwa awe zana ya kumfundishia.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba nusu ya malipo na mkufunzi mwingine. Nimelifuta ombi hilo. Ninataka malipo yote yarudishwe, pamoja na gharama za kusafirisha sampuli ambazo hamkuzifungua. Ninataka mbwa apimwe na mtathmini asiye mwajiriwa wenu, kwa sampuli nitakazozichukua mimi, nami niwepo. Mkufunzi huyo asipelekwe katika nyumba nyingine yenye mtoto wakati jambo hili linachunguzwa, na nithibitishiwe hivyo kwa maandishi. Fomu yenye maneno "hakutoa ushirikiano" iondolewe kwenye jalada la mwanangu. Halafu ninataka barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na wewe mwenyewe na si na ofisi ya huduma kwa wateja, inayomwambia mtoto waziwazi kwamba mkufunzi alikosea, kwamba juisi hainywewi kwa ruhusa ya mbwa, na kwamba yeye hakumfelisha mtu wala mnyama.

Kuhusu mbwa, mkataba unawapa haki ya kumchukua pale malipo yanaporudishwa. Nakushauri usiitumie haki hiyo kwa haraka. Mtu yeyote atakayekuja kumchukua mbwa kabla ya tathmini kukamilika atakuta mlango umefungwa, na atakuwa amemthibitishia mwanangu kwamba mbwa ameondolewa kwa kosa lake. Sitaruhusu mkamfanyie hivyo mara ya pili.

Nilikuwa nimeandika kwamba ninawapa siku 14. Nimeisoma tena ile fomu, na sasa ni siku saba tangu utakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu, jalada zima litakwenda kwa wakili wangu na kwa mamlaka inayowalinda watumiaji wa bidhaa na huduma: fomu, picha za vichupa 31 vyenye utepe, rekodi za kihisi zinazoonyesha dakika baada ya dakika sukari ikishuka huku juisi ikiwa chini ya kiganja cha mtu wenu, na maelezo ya dada yangu aliyekuwepo na kuyaona yote. Msidhani kwamba malalamiko ya namna hii huishia mezani. Mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Virginia, Marekani, aliifungulia kesi kampuni iliyokuwa ikiuza mbwa wa kazi hii hii, baada ya familia kulalamika kwamba waliletewa mbwa wasiofundishwa ipasavyo. Mimi pia ninawafahamu wazazi wengine watatu walio kwenye orodha yenu ya kusubiri. Hadi leo sijawaambia kitu, na ukimya huo nao una siku saba.

Vichupa vyenyewe sijavirudisha. Mkufunzi aliondoka akiwa na hasira, akakisahau kisanduku, nami nimevihifadhi kwenye friza kama vilivyokuwa. Mtathmini atavikuta.

Majibu ya madai yangu yaletwe kwangu. Ile barua ya kuomba radhi iandikwe kwa jina la mtoto, kwa maneno mepesi na herufi zinazosomeka. Anajua kusoma, na nimemwambia kwamba inakuja.

Wako katika madai haya,

Mama wa mtoto