Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wanyanyua Vyuma

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Shughuli za kawaida mnazijua. Ukumbi ulifunguliwa siku zote zilizopangwa, mafunzo ya wanachama wapya yalitolewa, mashindano ya ndani yalifanyika, benchi mbili zilivishwa ngozi upya, chaki ilinunuliwa na kioo kilichopasuka kimebadilishwa. Tulianza mwaka tukiwa 96, wakajiunga 19, wakaondoka 12, sasa tuko 103. Washiriki wa mashindano walikuwa 22, wanawake wakiwa 9. Hakuna mwanachama aliyeumia kiasi cha kupelekwa hospitali. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu, kwa sababu limetokana na usimamizi mkali ambao kamati yangu imeushikilia hata pale uliponiletea lawama.

Sasa nije kwenye jambo lililozungumzwa sana, mara nyingi nikiwa sipo: uamuzi wa kuziondoa mashine mbili za mtikisiko pamoja na mikanda ya umeme ya tumbo, na kuweka mahali pake stendi mbili za skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani), mitaimbo miwili, yaani vyuma virefu vya kunyanyulia, na pleti za mpira, yaani sahani za uzito zinazovishwa kwenye ncha zake.

Inasemwa kwamba Mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli, na kumbukumbu ziko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Mkutano mkuu maalumu uliitishwa, wakaja watu 17. Ukaitishwa tena, wakaja 14. Katiba inasema akidi isipotimia mara mbili, kamati tendaji inaweza kuamua mambo ya vifaa na usalama. Kamati ilikaa, wajumbe watano wakaunga mkono, wawili wakapinga. Niliwasikiliza hao wawili hadi mwisho na hoja zao zimeandikwa. Baadaye nikaletewa barua ya malalamiko yenye sahihi 14. Kati ya waliotia sahihi, ni wawili tu waliohudhuria mojawapo ya mikutano ile. Waliobaki wangekuja, pengine uamuzi ungekuwa mwingine, na mimi ningeutekeleza.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya utaratibu, maana naamini uamuzi wenyewe ni sahihi. Wazo la mashine kumfanyia mtu mazoezi ni la zamani sana. Gustav Zander, daktari wa Sweden, alitengeneza katika karne ya 19 mashine za kuutikisa na kuusukuma mwili wa mtu aliyeketi, na baadhi ziliendeshwa kwa mvuke. Ikaja mikanda ya kutikisa nyonga, kisha mikanda ya umeme. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa mikanda ya umeme waliokuwa wakiahidi tumbo lenye misuli iliyochongeka bila jasho. Mwaka 2011 Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25, na mwaka 2012 Skechers ikakubali kulipa dola milioni 40, kwa sababu ya matangazo yaliyodai kwamba viatu vyao hukaza misuli kwa kutembea tu. Kila kizazi huuziwa ahadi ileile ikiwa na sura mpya, na sikuona sababu ya chama chetu kuendelea kuitengea nafasi bora ya ukumbi.

Mwanachama mmoja, ambaye namheshimu, aliniambia mkanda ulikuwa unampunguza kitambi kwa sababu alikuwa akiuvua umelowa. Jasho ni maji, na ukinywa maji yanarudi. Mafuta hayaondoki pale unapopatikisa. Mwili huyatoa kwenye akiba yake yote, kwa mpangilio wake wenyewe, pale chakula kinapokuwa kidogo kuliko kazi. Ndiyo maana hata anayefanya seti (mizunguko) mia za mazoezi ya tumbo anaweza asiione misuli yake. Umeme wa kusisimua misuli una kazi yake kwa wataalamu wa tiba ya viungo, kwa wagonjwa ambao misuli imedhoofu. Hapa ulikuwa unafungwa kiunoni na watu wenye afya huku wakiangalia simu.

Na msiseme Mwenyekiti anapinga kila kitu kipya. Nilipoulizwa kuhusu kreatini, kirutubisho cha kuongeza nguvu za misuli, nilijibu wazi kwamba imechunguzwa kwa miaka mingi, na gramu 3 hadi 5 kwa siku zinawasaidia watu wengi wanaonyanyua vyuma. Nilichokataa ni yule muuzaji wa chai ya kuyeyusha mafuta aliyetaka kupanga meza mlangoni.

Turudi kwenye stendi. Tulikuwa na moja. Wenye haraka walikuwa wanauchukua mtaimbo kwenye benchi, wanauzungushia nyuma ya shingo na kuanza skwati bila kitu cha kuuzuia wakishindwa kuinuka. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sikulala vizuri. Stendi mpya zina vyuma vya pembeni vya kudaka mtaimbo. Vipangwe chini kidogo ya pale mtaimbo unapofika ukiwa umechuchumaa chini kabisa. Kisigino kibaki sakafuni, magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, pumzi ivutwe na tumbo likazwe kabla ya kushuka. Kwenye benchi, unaposukuma ukiwa umelala, dole gumba liuzungukie mtaimbo. Mtaimbo usiofungwa na dole gumba unateleza na kuangukia kifua au shingo, na watu wamekufa hivyo. Kwenye dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima, mtaimbo uanzie juu ya katikati ya wayo, na uinuliwe ukiwa karibu na mguu. Wanaosukuma chuma juu ya kichwa huku wamejipinda mgongo kama upinde, wajue kwamba mtindo wa kusukuma uliondolewa kwenye Olimpiki baada ya Munich 1972, hasa kwa sababu wanyanyuaji walikuwa wakiegemea nyuma kiasi cha waamuzi kushindwa kukubaliana nini ni halali.

Kuhusu mitaimbo, mmoja ni wa kilo 20 na mwingine wa kilo 15. Huu wa pili ni mwembamba zaidi, milimita 25 badala ya 28, nao ndio mtaimbo rasmi wa wanawake. Wanawake wananyanyua vyuma Olimpiki tangu Sydney 2000, na sisi hatukuwa na mtaimbo wao hata mmoja. Mimi ndiye niliyeshikilia ununuliwe. Kuna aliyeuita anasa. Mwanamke anayeanza anahitaji kujifunza kwa kitu anachoweza kukishika sawasawa, kisha kuongeza uzito kidogo kidogo. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliwarudishia nguvu askari waliojeruhiwa kwa njia hiyo miaka ya 1940, na mpaka leo sijaonyeshwa njia ya mkato inayoishinda.

Adabu ukumbini bado hainiridhishi. Pleti zirudishwe, benchi ifutwe, na stendi si mahali pa kuketi na simu. Muulize mwenzako amebakiza seti ngapi, mtabadilishana. Usipite mbele ya mtu aliyekwisha kushika mtaimbo. Usiguse mtaimbo wa mtu kabla hajakuomba, isipokuwa umemwelemea. Ukishusha pleti kwenye stendi, toa upande huu na upande ule kwa zamu, la sivyo mtaimbo utapinduka na kumpiga aliye jirani. Pleti za mpira zinaweza kuachiwa zianguke, za chuma haziachiwi.

Niseme sasa kuhusu ada, na hapa nasema kwa uchungu. Kati ya wanachama 103, waliolipa ada yote ni 41, waliolipa nusu ni 23, na 39 hawajalipa chochote. Kati ya zile sahihi 14 za malalamiko, 9 ni za wenye malimbikizo. Vifaa vilichukua karibu theluthi mbili ya matumizi ya mwaka, kodi na umeme vikachukua iliyobaki, na sehemu ya vifaa ililipwa kwa fedha za kuuza mashine zilezile mnazozililia. Mweka Hazina atasoma hesabu kamili. Kamati inafanya kazi bila posho. Mara kadhaa nimefungua ukumbi mwenyewe alfajiri kwa sababu mlinzi hakuwa amelipwa kwa wakati, na wa kwanza kuingia alikuwa mwenye deni la mwaka mzima.

Kwa mwaka ujao, tunatumaini kupata jukwaa la mbao la snachi (kuinua chuma hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) na klini na jeki (kwa hatua mbili, kwanza hadi mabegani), kumwalika kocha mwenye cheti, na kuanzisha kipindi cha vijana, hali ya fedha ikiruhusu. Yapo pia mazungumzo ya awali kuhusu ukumbi mkubwa zaidi, ambayo tutawaarifu yakifikia hatua.

Wenye malimbikizo wamwone Mweka Hazina leo kabla ya kutoka, kwani kwa mujibu wa katiba hawatapiga kura katika ajenda zinazofuata. Naomba taarifa hii ijadiliwe na kupokewa.

Mwenyekiti