Tulipie maji, lakini asiye na bomba asilipe zaidi kuliko mwenye bomba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala uliopamba moto mtaani kwetu Kibamba tangu ankara za maji za mwezi huu zitoke. Wapo majirani wanaosema maji ni ya Mungu, yanashuka bure kutoka milima ya Uluguru, hivyo kuyatoza fedha ni dhuluma. Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kusafisha maji, na nasema kulipia ni haki. Dhuluma ipo, ila iko kwingine.

Maji ya Mto Ruvu wakati wa masika nayajua. Yanaingia mtamboni na rangi ya chai ya maziwa, ukizamisha mkono huvioni vidole. Zamu ya usiku tulikuwa tunapanga bilauri kubwa za kioo, kila moja tunaitia shabu kwa kipimo chake, tunakoroga, halafu tunatazama ni ipi ambayo tope lake linashikana na kutua chini mapema. Kipimo hicho ndicho tulichotumia mtambo mzima hadi mto ubadilike tena, na mvua ikipiga Morogoro ulibadilika upesi. Baada ya kutuama, maji hupita kwenye machujio ya mchanga, kisha hutiwa klorini ya kutosha kubaki hai mpaka bomba la mwisho. Machujio nayo lazima yaoshwe, na huoshwa kwa maji yaleyale yaliyokwisha kugharimiwa. Bado kuyapandisha. Kutoka mtamboni Mlandizi hadi tangi la Kibamba ni mlima, yanasukumwa na pampu za umeme usiku na mchana. Mtambo wa Ruvu Juu umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, ule wa Ruvu Chini lita milioni 270. Mvua ni ya Mungu kweli, lakini shabu, klorini na umeme vinanunuliwa.

Maji ya bure tuliwahi kuyajaribu. Mwaka 1971 Serikali iliweka lengo kwamba kufikia 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, na mtumiaji hakutozwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Kijijini kwetu Kisarawe pampu ya dizeli ilifungwa, tukashangilia, kisha ikasimama kwa kukosa mafuta na kipuri, mama zetu wakarudi kisimani. Hapakuwa na mfuko wowote wa kuitengeneza.

Sasa nije kwenye dhuluma yenyewe. Mimi nina bomba uani. Uniti moja, yaani lita 1,000, haifiki shilingi 2,500. Nyuma ya nyumba yangu kuna mama mpangaji, anauza vitumbua, ana watoto wadogo. Hana bomba. Dumu la lita 20 analetewa kwa mkokoteni kwa shilingi 300, na uniti moja ni madumu 50. Piga hesabu: yeye uniti inamfikia kwa shilingi 15,000. Maji ni yaleyale, yametoka mto mmoja, yamepita chujio moja. Ulipokuja ukame wa mwaka 2022, Ruvu ikapungua na mgawo ukaanza, dumu lilifika shilingi 500. Nilimwona akisuuza mchele kwa bakuli moja, maji yale akayatumia kuoshea sufuria, kisha akayamwaga chooni. Mama huyu halalamiki kwamba maji yana bei. Anachoomba ni bei ninayolipa mimi.

Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Julai 2010 lilitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Halikusema yatolewe bure, ila haki hiyo inataka bei ambayo mtu anaimudu. Hapo ndipo tunaposhindwa, kwa sababu kikwazo cha maskini wa mjini kwa sehemu kubwa si bei ya uniti, ni gharama ya kuunganishwa: mita, mabomba, fundi wa kuchimba mtaro, vyote vinatakiwa kwa mkupuo. Mtu anayeishi kwa mauzo ya siku hawezi. Na mpangaji hata akiwa na fedha hizo, atafukiaje bomba kwenye kiwanja cha mtu?

Napendekeza gharama hizo zigawanywe ndani ya ankara za kila mwezi, hata kwa miaka miwili au mitatu, na utaratibu huo uwe wa kudumu badala ya kuwa wa msimu. Sisi tuliokwisha kuunganishwa tuongezewe kidogo kwenye uniti ili kuufidia. Mimi niko tayari. Mwenye nyumba ya kupangisha iliyo kando ya bomba la mtaa alazimike kuvuta maji, na asiruhusiwe kuwauzia wapangaji wake ndoo kwa bei ya mkokoteni. Kwenye kila kioski cha maji bei ya dumu iandikwe ukutani kwa rangi, pamoja na namba ya simu ya kupiga anayezidishiwa.

Mkutano wa mtaa wetu umeitishwa mwezi ujao. Nitakwenda na ankara yangu, na yule mama amekubali kuja na daftari anamoandika madumu yake. Naomba wahusika wa maji watume mtu aje azisome zote mbili mbele ya wananchi.

Fundi mitambo mstaafu,
Kibamba, Dar es Salaam