Programu ni bure, kikao cha video kinalipiwa: mnachokilipia ni nini?

Lalamiko hili hutufikia sisi wataalamu wa tiba ya usemi mara kwa mara, na maneno yake karibu hayabadiliki: "Mtoto amekaa mbele ya simu nusu saa, nanyi mko kwenu. Hakuna aliyesafiri, hakuna chumba kilichotumika, na bado mnatoza sawa na mtu aliyekuja ofisini. Kuna programu ya akili mnemba inafanya mazoezi hayohayo bure." Mteja mmoja ametuambia wazi kwamba anaona ametapeliwa. Neno hilo ni zito, na anayelitamka anastahili jibu kamili.

Kwanza, tiba ya usemi kwa video si tiba ya daraja la pili. ASHA, chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, kiliikubali kama njia halali ya kutoa huduma tangu 2005. Kwa kigugumizi cha watoto ambao hawajaanza shule, jaribio la Australia lililochapishwa 2016 liliwalinganisha watoto waliotibiwa kliniki kwa mpango wa Lidcombe na wenzao waliotibiwa nyumbani kwa kamera ya kompyuta, na halikuona tofauti ya matokeo. Anayeielewa Lidcombe hatashangaa. Katika mpango huo mzazi ndiye anayefanya mazoezi na mtoto kila siku, na kila siku anaandika ukali wa kigugumizi kwa alama kuanzia 0 hadi 9. Kazi yetu ni kumfundisha mzazi: asifu lini, anyamaze lini, na wakati gani kusifu kumezidi hadi mtoto anaanza kukwepa kuongea. Hayo yote yanafundishika kupitia skrini, na mara nyingi yanafundishika vizuri zaidi, kwa sababu mtoto yuko na vitu vyake na anaongea kama anavyoongea siku zote.

Sharti ni moja: sauti itufikie nzima. Hapa ndipo vikao vingi vya video huharibika, na mteja asijue.

Simu ya kawaida, ya kupiga bila video, hukata sauti nyembamba zenye masafa yaliyo juu ya takriban hezi 3,400, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya sauti "s" iko juu ya hezi 4,000. Maana yake, kwenye simu ya kawaida "s", "f" na "th" hukaribiana mno. Ndiyo sababu hatumpimi mtoto matamshi kwa simu ya kawaida hata mzazi akisisitiza kwamba "mtamsikia tu". Programu za video hupitisha masafa mapana zaidi, lakini zina tabia nyingine. Zina kichujio cha kelele, na kichujio hicho hudhani kwamba sauti yoyote inayoendelea bila kubadilika ni kelele ya feni. Mgonjwa wa Parkinson akiambiwa ashikilie "aaaa" kwa sekunde 15, kichujio kinaweza kuizima katikati, nasi tukabaki kujiuliza kama pumzi ndiyo iliyokata au ni mashine. Halafu kuna marekebisho ya sauti yanayojiendesha, ambayo hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Kwa LSVT LOUD, tiba ya sauti ya wagonjwa wa Parkinson ambayo lengo lake lote ni mgonjwa apaze sauti, hilo linafuta kile hasa tunachopima. Tiba hiyo ni vikao 16 vya saa moja, siku 4 kwa wiki kwa wiki 4. Mtu akiifanya yote huku mashine ikisawazisha sauti, hakuna ajuaye kama alipata nafuu. Kwa hiyo tunamtaka awe na kipima sauti sentimita 30 kutoka mdomoni, na namba anatusomea yeye au mtu aliye naye.

Mwangwi ni tatizo baya zaidi kwa wenye kigugumizi. Mteja akitumia spika ya kifaa badala ya hedifoni, sauti yake inaweza kumrudia ikiwa imechelewa kidogo. Sauti ya mtu ikimrudia baada ya takriban milisekunde 200, hata mwenye usemi laini huanza kujikwaa, na baadhi ya wenye kigugumizi hulainika ghafla. Kwa vyovyote, tunachokisikia si usemi wake wa kweli. Hedifoni za waya huondoa tatizo hilo. Za Bluetooth huongeza ucheleweshaji, na maikrofoni zake nyingi hushusha ubora wa sauti simu inapoanza.

Basi tunapotumia dakika 10 za mwanzo wa kikao cha kwanza kuzima kichujio cha kelele, kuwasha sauti asilia isiyochujwa, kukagua mwangwi na kusogeza kamera hadi ilingane na mdomo huku mwanga ukitokea mbele, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wanaotuambia "tuanze tu" tunawaomba wasubiri.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Hatuzipingi, tunazitumia. Mashine haichoki kuhesabu na haisahau kukumbusha. Mtoto anayehitaji kutamka sauti lengwa mara 70 hadi 100 katika nusu saa hupata hesabu sahihi, na sisi tunapata rekodi ya siku sita ambazo zamani hatukuwa tukizisikia. Wapo wateja tuliowapunguzia vikao kutoka viwili kwa wiki hadi kimoja kwa sababu mazoezi ya katikati ya wiki sasa yanafanyika kweli na tunayaona.

Shida huanza mtu anapoiachia mashine iamue kama mtoto amepatia.

Chukua mtoto wa miaka 4 anayesema "titabu" badala ya "kitabu". Ulimi wake unagonga mbele, nyuma ya meno, mahali ambapo "k" inatakiwa kutoka nyuma. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi imejengwa kukisia neno ambalo msemaji alikusudia, na ubora wake unapimwa hivyo. Inasikia "titabu", inaandika "kitabu", inatoa nyota na makofi. Mtoto anarudia kosa kila jioni, na kila jioni anapongezwa. Akija kwetu baada ya miezi minne ya namna hiyo, hatuanzii pale ambapo tungeanzia siku ya kwanza. Sasa tuna kosa lililokomaa, na mtoto anayeamini kwamba amepatia. Njia hii ya mkato ndiyo inayowagharimu wazazi zaidi kuliko zote.

Marekebisho yake yana mpangilio. Tunaanza na masikio: picha mbili mezani, kaa na taa, au koa na toa. Mzazi anatamka, mtoto anaonyesha. Akiwa bado anazichanganya kwa kusikia, kumlazimisha atamke ni kupoteza wakati. Kisha tunaitafuta "k" yenyewe. Mtoto analala chali ili ulimi uelekee nyuma, na mzazi anazuia ncha ya ulimi kwa mpini wa kijiko safi, kwa upole, bila kukiingiza ndani, huku mtoto akijaribu "ka". Sisi tunaangalia kwenye kamera kama ncha imebaki chini, na tunasikiliza mlipuko umetokea wapi. Kutoka hapo ni silabi, maneno, sentensi, na mwisho mazungumzo. Kwa kawaida hatupandi ngazi mpaka apatie 16 kati ya 20, na atakayesema amepatia ni sikio lililozoea. Mashine inaweza kuhesabu hizo 20. Kuzihukumu bado haiwezi.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mtoto anasema "lafiki" na "zahabu", programu inamtia alama nyekundu, mzazi anaingiwa na hofu. Tukimsikiliza mzazi huyo kwa dakika tano, tunakuta naye anasema vivyo hivyo, na nyumba nzima pia, kwa sababu lugha yao ya kwanza haitenganishi sauti hizo. Huyo haumwi chochote. Anaongea kama watu wake. Tunawaambia hivyo, na hatuwaandikii vikao. Programu ingewauzia usajili wa mwaka mzima.

Jambo jingine linalotusumbua ni orodha za maneno. Programu nyingi zilitengenezwa kwa Kiingereza, kisha orodha zikatafsiriwa neno kwa neno. Jozi za maneno zilizochaguliwa kwa sababu zinatofautiana kwa sauti moja tu, kama "cat" na "hat", zinageuka kuwa "paka" na "kofia", na zoezi zima linakosa maana. Mtoto anafurahia picha, mzazi anaona asilimia zinapanda, na hakuna sauti inayofanyiwa kazi. Kwa Kiswahili jozi hutafutwa upya: fua na vua, pata na bata, saa na zaa. Kuzichagua kulingana na kosa la mtoto huyu, kwa maneno anayoyajua, ni kazi tunayoifanya kabla hamjatuona kwenye skrini. Baada ya kikao tunasikiliza rekodi tena na kuweka alama. Nusu saa mnayoiona ina muda mwingine nyuma yake, na huo umo ndani ya bei.

Kwa kigugumizi, na kwa afasia, yaani kupotewa na lugha kama baada ya kiharusi, maandishi ya mashine yana hatari yake. Mtu anasema "ni-ni-ni-nataka maji", mashine inaandika "nataka maji" na kuyafuta yale tuliyotaka kuyahesabu. Sisi huchukua usemi wa takriban silabi 300 na kuhesabu kwa sikio zilizokwama. Whisper, mfumo wa OpenAI wa kugeuza sauti kuwa maandishi uliotoka 2022, ulifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, sehemu kubwa ikiwa Kiingereza. Utafiti wa 2024 ulikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyoandikwa na mfumo huo vilikuwa na maneno au sentensi ambazo hakuna aliyezisema, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wenye afasia. Wagonjwa hawa husita kwa muda mrefu wakitafuta neno, na kimya kirefu ni mahali ambapo mfumo hujaza maneno yake. Familia ikituletea maandishi ya namna hiyo kama ushahidi kwamba baba ameanza kusema sentensi ndefu baada ya kiharusi, tunaomba sauti yenyewe.

Roboti za kuchati nazo hupendekeza kupuliza puto, filimbi na mishumaa ili "kuimarisha ulimi". Kupuliza hakumfundishi mtoto "s". Sauti hujifunzwa kwa kutamka sauti, na misuli inayotosha kutafuna na kumeza kwa kawaida ina nguvu ya kutosha kusema.

Upande mmoja wa teknolojia hii tunausukuma kwa nguvu, na watu huuchelewesha. Anayegunduliwa kuwa na ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, anaweza kuhifadhi sauti yake kabla haijapotea. Tangu 2023 simu za iPhone zimeweza kutengeneza sauti inayofanana na ya mwenyewe. Ilipotoka, mtu alisoma sentensi 150, na ilianza kwa Kiingereza tu. Kwa Kiswahili tunashauri pia njia ya zamani: rekodi maneno yako halisi, majina ya watoto, salamu zako, namna unavyoita watu, kila moja katika faili lake, ili baadaye yachezwe kwa kubonyeza kitufe. Fanya hivyo wiki ya kwanza, sauti ikiwa bado haijaanza kukwaruza.

Yapo tunayoyakataa kwa video, na pesa haitabadilisha jibu. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 4 inahitaji daktari wa koo aangalie nyuzi za sauti. Hakuna programu inayoziona. Anayekohoa akinywa, au anayepata vichomi vya mara kwa mara baada ya kiharusi, anahitaji kipimo cha kumeza hospitalini, kwa sababu kinywaji kinaweza kuingia njia ya hewa kimya kimya, bila kikohozi. Akishapimwa na kupangiwa uzito wa kinywaji, hapo tunaweza kusaidia kwa mbali. Familia inajaza bomba la sindano la mililita 10, bila sindano, inaachia kwa sekunde 10, na tunasoma pamoja kilichobaki: chini ya 1 ni kinywaji chepesi cha kawaida, 1 hadi 4 ni kiwango cha kwanza cha IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, 4 hadi 8 ni cha pili, zaidi ya 8, kikiwa bado kinadondoka, ni cha tatu. Kuna walioongeza unga wa kukifanya kinywaji kiwe kizito "kidogo tu" kwa ushauri wa roboti. Msifanye hivyo bila kipimo. Na mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, kwa umri wowote, asiwekwe kwenye programu kwanza. Mleteni mapema.

Kabla ya kikao cha kwanza tunaomba vitu vitatu. Video ya dakika 5 ya mtoto akicheza na mtu aliyemzoea, bila kuambiwa "sema hivi", simu ikiwa karibu na mita moja na televisheni imezimwa. Mtume faili lenyewe, si kipande kilichobanwa na programu ya ujumbe. Orodha ya lugha zote zinazosemwa nyumbani na nani anazisema. Na majibu ya kipimo cha masikio, kwa kuwa mtoto asiyeisikia "s" atapata shida sana kuitamka hata tumfundishe mwaka mzima. Kipimo kama hakijafanyika, kifanyike kwanza. Nafasi yenu tunaishikilia, na hatutozi kwa kusubiri.